Geji za boti zinapodanganya: jinsi ya kusaka hitilafu kwenye dashibodi

Tangi limejazwa asubuhi, lakini mshale wa mafuta umelala kwenye sifuri. Wengi wakifika hapo hununua geji mpya, huifunga, na mshale hubaki palepale. Geji ya mshale haifi kirahisi. Kinachotangulia kufa ni waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye nguzo hasi ya betri), kichwa cha waya kilicholiwa na chumvi, fyuzi, au sensa, yaani kifaa kinachoipelekea geji kipimo, iliyoko kwenye tangi au kwenye mashine. Kazi ni kujua kipi kati ya hivyo ndicho mkosaji kabla hujafungua pochi.

Vipimo vilivyotajwa hapa ni vya mfumo wa volti 12, ambao ndio ulio kwenye boti nyingi ndogo za uvuvi. Kwenye mfumo wa volti 24 njia ni ileile, ila volti za betri na za kuchaji zidishe mara mbili.

Kabla ya kugusa waya

Multimita ya kawaida, kifaa cha kupimia umeme, inatosha. Ongeza waya wa kuunganishia wenye vibanio pande zote mbili, taa ya kupimia ya volti 12, spana ndogo, msasa laini, dawa ya kusafishia viungo vya umeme, koleo la kubania vichwa vya waya, na mpira wa kujikaza kwa joto, ule wenye gundi ndani. Piga picha mgongo wa dashibodi kwa simu kabla ya kufungua nati hata moja. Baada ya saa nzima ya kuchokonoa, picha hiyo ndiyo itakayokuambia waya wa pinki ulikuwa wapi.

Boti ya petroli ina sharti lake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti. Fungua vifuniko vyote, uiname na kunusa. Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima chochote mpaka hewa imetoka na umejua inavuja wapi. Kama hakuna harufu, endesha feni ya kutoa hewa dakika 4 au zaidi kisha unuse tena. Majaribio ya kugusanisha waya fanyia kwenye dashibodi tu. Juu ya tangi cheche moja inatosha kuiunguza boti nzima.

Zimekufa zote au moja?

Swali hili hupunguza nusu ya kazi. Zikifa zote kwa pamoja, achana na sensa, kwani haiwezekani sensa nne zife siku moja. Tafuta kile kinachotumiwa na geji zote: fyuzi ya dashibodi, swichi ya funguo, plagi kubwa ya nyaya itokayo kwenye mashine, au athi ya pamoja. Fyuzi usiikague kwa macho peke yake. Itoe uipime, kisha angalia na kishikio chake, kwa sababu mara nyingi fyuzi ni nzima lakini vidole vya kishikio vimeota ukoga wa kijani. Plagi ya mashine ifungue, kagua kila pini, isafishe kwa dawa na uirudishe mpaka ikaze kabisa. Plagi iliyolegea kidogo tu huzima dashibodi kila boti inapopiga wimbi, na ukifika bandarini kila kitu kinawaka vizuri kana kwamba hakuna kilichotokea.

Dalili ya pili ni mishale kucheza unapowasha taa za usiku au pampu ya ngama. Hiyo ni athi. Umeme wa pampu unarudi kwenye betri kupitia kiungo kilekile kibovu kinachotumiwa na geji, na kwa kuwa kiungo hakipitishi vizuri, upande wa hasi wa geji hupanda juu ya sifuri na usomaji wote unapotoka. Ipime hivi: weka multimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri, nyekundu kwenye skrubu ya athi ya geji. Washa taa, pampu na redio kwa pamoja. Usomaji ukiwa chini ya volti 0.2, athi ni njema. Ukifika 0.5, kuna kiungo kinachodai haki yake. Sogeza ncha nyekundu kiungo kwa kiungo kurudi kwenye betri. Mahali usomaji unaposhuka ghafla, kiungo ulichokiruka ndicho kibovu. Jaribio hili huchukua dakika chache na hupatia jibu hitilafu nyingi kuliko jaribio jingine lolote, ajabu ni kwamba ndilo linalorukwa zaidi.

Herufi tatu za mgongoni

Nyuma ya geji nyingi kuna skrubu tatu. I ni umeme unaotoka kwenye swichi ya funguo, G ni athi, na S ni waya unaotoka kwenye sensa. Ya nne, ikiwapo, ni ya taa. Kwenye boti zilizofuata kanuni za Kimarekani, zambarau ni umeme wa funguo, nyeusi au njano ni hasi, pinki ni mafuta, rangi ya mchanga ni joto la maji, samawati ni presha ya oili, kijivu ni mizunguko ya mashine, na bluu iliyokoza ni taa za dashibodi. Rangi hizo ziamini endapo tu fundi aliyekutangulia hakuwa na haraka.

Geji moja ikikusumbua, ijaribu kwa mpangilio huu:

1. Fungua funguo bila kuwasha mashine. Pima volti kati ya I na G. Zinatakiwa zikaribiane sana na za betri. Ukikosa, hamishia ncha nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri. Volti zikitokea sasa, athi ya geji imekatika. Zisipotokea, umeme wa zambarau haufiki.

2. Chomoa waya wa S uangalie mshale.

3. Kwa waya wako wa vibanio, gusanisha skrubu ya S na ya G kwa sekunde moja au mbili. Angalia mshale tena.

Mshale ukisafiri kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kati ya hatua ya 2 na ya 3, geji ni nzima, iache. Ukigoma kutikisika ilhali volti zipo, hapo geji imekufa kweli.

Mwisho upi uje kwanza inategemea aina ya geji. Kwenye mfumo wa Kimarekani, geji ya mafuta ikichomolewa S huenda tupu, na ikigusanishwa na G huenda kujaa. Kwenye mfumo wa Ulaya ni kinyume. Presha ya oili hufuata mkondo huohuo: Kimarekani ikichomolewa husoma sifuri, ya Ulaya husoma juu kabisa. Geji ya joto haina tofauti hiyo: ikichomolewa husoma baridi, ikigusanishwa na athi husoma moto kupindukia.

Geji ikiwa nzima, zima funguo, acha waya wa S ukiwa umechomolewa, geuza multimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), na upime kati ya ncha ya waya huo na G. Sasa unaisoma sensa kupitia waya wake wote. Multimita ikionyesha njia imekatika, aidha waya au sensa imefunguka. Ikionyesha karibu na sifuri, huenda waya umekwaruzika na unagusa chuma mahali fulani, hasa pale unapopita chini ya sitaha au kando ya mashine. Ila kumbuka sensa ya Ulaya huwa karibu na sifuri tangi likiwa tupu. Kisha pima kwenye sensa yenyewe. Ikisoma sawa pale ilipo lakini vibaya kule kwenye dashibodi, hitilafu iko njiani.

Geji ya mafuta

Sensa ya Kimarekani husoma takriban omu 240 tangi likiwa tupu, 103 likiwa nusu na 33 likijaa. Ya Ulaya huanza karibu na omu 10 kwenye tupu na kufika 180 au zaidi kidogo kwenye kujaa. Mifumo hii miwili haichanganyiki. Mtu akifunga sensa ya Ulaya kwenye geji ya Kimarekani, tangi tupu litasomeka limejaa, na hilo utaligundua mashine ikizimika ukiwa mbali na pwani. Ukinunua sensa au geji, hakikisha namba za omu zinalingana. Na kama boti ina sehemu mbili za kuendeshea zinazotumia sensa moja, sensa hiyo iwe ya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya geji mbili, yenye omu kama nusu ya ya kawaida. Sensa ya kawaida itazidanganya geji zote mbili.

Kabla ya kung'oa sensa, angalia waya mweusi juu yake. Tangi la plastiki halina athi ya kwake, kwa hiyo waya huo ukioza sensa yote haina kazi. Kwenye tangi la chuma pia waya huo huwepo na haufai kuachwa. Safisha vichwa vyote viwili, upime tena.

Ikibidi kuitoa, ondoa nguzo za betri kwanza, hewa ipite, na tangi lisiwe limejaa hadi juu. Sensa nyingi hufungwa kwa skrubu tano ambazo matundu yake hayana nafasi sawa, kusudi ikae upande mmoja tu. Weka alama ya kalamu kabla ya kuifungua ili usipoteze muda kuizungusha. Itoe taratibu ukiinamisha, mkono wake usipinde. Mbali na tangi, unganisha multimita kwenye skrubu zake mbili na uinue boya polepole kutoka chini hadi juu. Omu zinatakiwa zitembee kwa utulivu. Zikiruka, zikakatika kisha zikarudi, njia ya ndani imechakaa na hakuna usafishaji utakaoiponya. Tikisa na boya: likisikika maji ndani au likizama kwenye ndoo, limetoboka, na ndiyo sababu geji ilisoma tupu siku zote.

Sensa mpya ikatwe au irekebishwe kulingana na kina cha tangi, na mkono wake usiguse kuta wala vigawanyo vya ndani. Gasketi iwe mpya na ya kuhimili mafuta. Silikoni ya kawaida usiipake hapo, kwa kuwa petroli huilainisha na kuivimbisha, na baada ya muda mvuke unavuja.

Jambo moja si hitilafu ila hulalamikiwa sana: robo ya mwisho kuisha haraka kuliko robo ya kwanza. Tangi nyingi za boti hufuata umbo la V la chini ya boti, hivyo chini ni kwembamba na lita ni chache. Dawa yake ni kujaza tangi tupu kwa lita 10 kwa 10 boti ikiwa imetulia, na kuandika kila mara mshale umefika wapi. Bandika karatasi hiyo karibu na usukani.

Presha ya oili na joto: hapa usibishane na mshale

Geji ya mafuta ikidanganya utapiga kasia. Hizi mbili zikisema kweli ukazipuuza, mashine imekwenda. Presha ya oili ikishuka hadi sifuri, zima mashine kwanza, uchunguzi baadaye. Angalia kijiti cha oili. Kama oili ipo, fungua sensa na ufunge geji ya kimakanika mahali pake, uwashe mashine kwa muda mfupi, na ulinganishe na kitabu cha mashine. Ikionyesha presha nzuri, ndipo una ruhusa ya kuilaumu sensa au waya.

Sensa nyingi za oili na joto zina waya mmoja tu, athi yake ni mwili wa mashine kupitia nyuzi za skrubu. Ndiyo maana utepe mweupe wa mafundi bomba ukiviringishwa kwa wingi kwenye nyuzi hizo huizuia sensa isipate athi, na sensa mpya inaonekana mbovu tangu siku ya kwanza. Pima omu kati ya mwili wa sensa na nguzo hasi ya betri. Isizidi omu moja hivi. Mashine ikiwa imezimwa, sensa ya oili ya Kimarekani isome karibu 240, ya Ulaya karibu 10. Angalia pia kama sehemu hiyo ina sensa au swichi ya king'ora. Zinafanana kwa umbo, lakini swichi hujua kuwaka na kuzima tu, na ukiiunganisha na geji mshale utaruka ncha hadi ncha.

Kwenye joto, omu hushuka kadiri maji yanavyopata moto. Ining'inize sensa kwenye sufuria ya maji ya moto, ncha yake ikiwa ndani na skrubu ikiwa juu ya maji, na utazame. Zisiposhuka, itupe. Usahihi wa geji utaujua kwa kipima joto cha miale kilichoelekezwa kwenye nyumba ya thamostati, vali inayofungua njia ya maji ya kupoza yakipata moto. Chuma kinachong'aa hupotosha kifaa hicho, kwa hiyo bandika kipande cha utepe mweusi na upime juu yake. Mashine zinazopozwa moja kwa moja na maji ya bahari aghalabu hufungwa thamostati ya nyuzi 60 hivi, kwa hiyo usishtuke mshale ukiwa chini kuliko wa gari.

Kuna mtego hapa. Maji ya kupoza yakikatika ghafla, sensa inaweza kubaki hewani, isiguse maji tena, na mshale ukashuka wakati mashine inaungua. Mshale wa joto unaoporomoka bila sababu uchukulie kama unaopanda: tazama kama maji yanatoka kwenye tundu la nyuma.

Geji ya mizunguko na ya volti zisomwe pamoja

Mashine nyingi za kupachika (zinazofungwa nyuma ya boti) hupeleka ishara ya mizunguko kutoka kwenye mfumo wa kuchaji, kupitia waya wa kijivu. Kwa hiyo geji ya mizunguko ikifa na wakati huohuo volti hazipandi juu ya 12.6 mashine ikiunguruma, usihangaike na dashibodi. Rektifaya na rejuleta (vifaa vinavyogeuza umeme wa kuchaji kuwa DC na kudhibiti volti zake), au koili za kuchaji, ndizo zimeungua. Kinachoziunguza mara nyingi ni kuchomoa nguzo za betri mashine ikiwa inafanya kazi, au nguzo zilizolegea zenye kugusa na kuachia. Geji ya volti yenyewe ni rahisi: betri iliyojaa na kutulia husoma 12.6 hadi 12.7, mashine ikichaji husoma 13.8 hadi 14.5. Ikipita 15, rejuleta haizuii tena na betri itachemka.

Mashine za dizeli huchukua ishara kutoka kwenye tundu la W la alteneta. Pima volti za AC kati ya W na athi mashine ikiwa inazunguka. Zikiwepo kama 6 hadi 9, alteneta inatoa ishara. Mshale ukiwa chini kuliko mlio wa mashine, bonyeza mkanda wa alteneta katikati kwa kidole gumba: ukizama zaidi ya milimita 10 hivi, unateleza.

Mgongoni pa geji hii kuna kitufe cha kuzungusha chenye namba za ncha za sumaku au za silinda. Kikiwa kwenye namba isiyo yake, kosa huwa la uwiano uleule kwenye kasi zote. Mashine yenye ncha 12 ikisomwa na geji iliyowekwa 10, mizunguko 3,000 itaonekana 3,600. Mshale ukiruka hovyo, kitufe kina ukoga ndani: zima umeme, andika namba kilipo, kizungushe kwenda na kurudi mara kadhaa, ukirudishe palepale.

Spidi na skrini za kidijitali

Geji ya spidi ya mrija husoma msukumo wa maji kwenye kitundu kidogo kilicho nyuma ya boti au kwenye mguu wa mashine. Ikisoma sifuri, kitundu kimeziba kwa mchanga au gamba. Kizibue kwa waya mwembamba. Kabla ya kupuliza hewa, chomoa mrija nyuma ya geji na upulizie kuelekea majini. Ukipuliza kuelekea geji, utapasua kiwambo chake. Ikisoma pungufu, mrija una ufa. Linganisha na GPS.

Kwenye mtandao wa NMEA 2000, ule unaounganisha skrini na sensa za boti kwa waya mkuu mmoja, zima umeme na upime omu kati ya waya mweupe na wa bluu. Inatakiwa 60, kwa sababu kila mwisho wa waya mkuu una kizuizi cha 120. Ukipata 120, kimoja kimekosekana. Ukipata 40, kuna cha tatu kilichozidi. Skrini zikizimika unapopiga stata, betri ndiyo inayoshuka chini ya volti 9.

Kuunganisha upya

Kata waya mpaka uone shaba au bati inayong'aa. Nyuzi zikiwa nyeusi hadi ndani, badilisha waya wote kwa waya wa boti uliopakwa bati. Bana kichwa cha duara kwa koleo lake, vuta kwa nguvu ya mkono kuhakikisha, kisha pasha mpira mpaka gundi itokeze kwenye kingo. Grisi ya kuzuia unyevu ipakwe baada ya kukaza, si kabla. Nati za geji zikaze kwa vidole kisha robo mzunguko wa spana. Zikizidishwa, skrubu huzunguka na kung'oa kiungo cha ndani, na geji iliyokuwa nzima inakuwa mbovu mkononi mwako.

Vioo vifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Kitambaa kikavu hutia umeme tuli kwenye kioo cha plastiki, na mshale unaweza kung'ang'ania mahali usipostahili.